Mashua ya jeti ya okazyoni: moteri inalia, mashua haiendi

Kusini ya Maniema, mto njo barabara yetu. Barabara hii haina mashimo, lakini iko na mchanga, majani na mawe. Ndiyo maana watu wanavutwa na mashua ya jeti, ile isiyo na elisi chini, inayoweza kupita kwenye maji ya magoti. Mpya haigusiki kwa bei, basi inatafutwa ya okazyoni. Kabla ya kutoa makuta ya likelemba, na zaidi kwa wale waliokwisha kuyatoa, tunaeleza hapa namna ya kutafuta ugonjwa wa mashua hii bila kufungua moteri nzima na bila kula pesa ya watu wote.

Kwetu, shida ya chombo cha maji si ya leo. Mwaka 1871 Livingstone alikaa Nyangwe kwa miezi akitafuta mitumbwi ya kushuka nayo Lualaba, hakupata. Mwaka 1876 Stanley alikuja na chombo chake mwenyewe, Lady Alice, ambacho wapagazi walikibeba vipande vipande toka pwani ya Bahari ya Hindi, wakapita upande wa Kabambare, wakafuata Luama mpaka inapoingia Lualaba. Halafu Wabelgiji wakaona mto wenyewe umekatwa na maporomoko, wakajenga reli ya Kindu mpaka Kongolo, iliyomalizika mwaka 1911. Mpaka leo mambo iko vile vile: chombo kinatoka mbali, na kipande chake cha kubadilisha kinatoka mbali zaidi. Moteri inayoshuka Dar es Salaam, ikapanda reli mpaka Kigoma, ikavuka Tanganyika mpaka Kalemie, kisha ikabebwa na kamyo, haiwezi kurudishwa kwa muuzaji juu imekohoa siku ya kwanza. Itabaki kwetu, na sisi njo tutaitafutia dawa.

Ni mashua gani hii?

Mtu aliyeifanya ijulikane ni mfugaji wa kondoo wa New Zealand, Bill Hamilton. Mito ya kwao ni myepesi, imejaa mchanga na kokoto, na elisi ya kawaida ilikuwa inavunjika kila mara. Katika miaka ya 1950 akatengeneza pampu inayofyonza maji chini ya mashua na kuyatupa nyuma kwa nguvu. Mwanzoni maji yalikuwa yanatokea chini ya usawa wa mto. Alipopandisha mdomo wa bomba juu ya maji, mashua ikakimbia zaidi. Mwaka 1960 mashua za aina hiyo zilipanda mto Colorado wa Marekani, zikapita mabonde yenye maporomoko makali. Hata mto wetu unazijua: msafara wa Waingereza ulioongozwa na Blashford-Snell, mwaka 1974, ulikuja na mashua za mpira za kupulizwa upepo, na mashua za jeti pia.

Ndani yake hakuna uchawi. Chini ya mashua kuna tundu lenye grili ya chuma. Maji yanaingia hapo. Ndani ya bomba kuna turbini, nayo inazungushwa na chuma kirefu kinachotoka kwenye moteri. Turbini inasukuma maji mpaka mdomo wa nyuma, na mdomo huo unageuka kushoto na kulia: huo njo usukani. Kwa kurudi nyuma, kikombe cha chuma kinashuka mbele ya mdomo na kurudisha maji upande wa mbele. Basi. Hakuna elisi ya nje, hakuna usukani wa ubao ndani ya maji.

Toka hapo tunapata sheria moja ambayo mwenye kuzoea mtumbwi lazima aishike tangu siku ya kwanza: ukiachia gesi, usukani nao unakufa. Mashua ya jeti inageuka juu ya nguvu ya maji yanayotoka nyuma. Dereva akiona mti mbele yake, akaogopa, akaachia gesi yote, mashua itaenda moja kwa moja kugonga ule mti. Lazima abakize gesi kidogo, akate kona.

Inatufaa ao haitufai?

Tuseme ukweli kabla ya kufungua buloni. Jeti haipendi mzigo. Mtumbwi mkubwa wenye moteri ya farasi 15 nyuma yake unabeba mifuko ya mchele, bidoni za mafuta ya ngazi, baiskeli na wenyewe juu. Mashua ndogo ya jeti inabeba watu watano ao sita, na ikizidishwa inakuwa kama bata mwenye mimba. Tena jeti inakula nguvu: moteri ya kufunga nyuma ikibadilishwa toka elisi kwenda jeti inapoteza karibu theluthi moja ya nguvu yake. Farasi 60 wanabaki kama 40.

Tufanye hesabu ya safari ya kilomita 100, karibu na ule urefu wa maji yanayopitika kati ya Kasongo na Kibombo. Moteri ya esansi ya farasi 100, ikipewa gesi yote, inakunywa karibu lita 38 kwa saa. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, safari ni saa mbili na nusu, ni kusema lita 95. Moteri ya farasi 15 inakunywa kama lita 6 kwa saa. Mtumbwi ukienda kilomita 12 na nusu kwa saa, safari ni saa nane, lita 48. Jeti inakupa mchana mzima wa faida, lakini inakula esansi mara mbili, na inaacha mzigo bandarini.

Kwa hiyo si chombo cha mfanyabiashara wa mchele. Ni chombo cha haraka: mama mwenye uchungu anayepaswa kufika hospitali kuu ya Kasongo, sanduku la chanjo, muganga, barua ya serikali. Na kwa kazi hiyo inashinda elisi katika miezi ya maji machache, wakati mchanga unatoka nje na mitumbwi yenye moteri inasukumwa na vijiti. Lakini chombo kinachobeba mgonjwa hakina ruhusa ya kufia katikati ya mto. Ndiyo maana kukijua vizuri si anasa.

Jeti haipiti kila pahali vilevile. Milango ya Jehanamu, pale chini ya Kongolo, haikuacha kuwa jehanamu juu mtu amenunua turbini. Na kwa ndugu zetu wa Kabambare: Luama inateremka toka milima ya magharibi ya Tanganyika, maji yake yanapanda na kushuka haraka, na mawe yake hayaonekani yote. Mashua inayokimbia juu ya maji ya sentimita 20 inapasuka kwa jiwe la sentimita 15.

Kabla ya kulipa

Muuzaji atawasha moteri kwenye nchi kavu, itanguruma, watu watapiga makofi. Hiyo si alama ya kitu. Tena ni hatari: mipira ya kuzuia maji inapozwa na maji yenyewe, ikizunguka kavu kwa muda inaungua. Omba mambo haya matano.

Kwanza, karatasi. Namba iliyopigwa kwenye moteri na kwenye mwili wa mashua ifanane na namba ya kwenye karatasi, pamoja na karatasi ya DGDA kwa kitu kilichopita mpaka. Bila hiyo, kila kizuizi cha njiani kitakuwa mnunuzi mwenzako.

Pili, mafuta ya moteri. Chomoa kijiti cha kupimia. Mafuta yakiwa meupe kama maziwa, maji yamekwisha kuingia. Hapo bei inabadilika ao unarudi nyumbani.

Tatu, mgandamizo wa silinda. Fundi mwenye saa ya kupimia apime zote. Namba moja moja haitusumbui sana. Kinachosema ukweli ni tofauti kati yao. Silinda zote zikikaribiana, vizuri. Moja ikianguka mbali na wenzake, hiyo njo mgonjwa.

Nne, turbini. Piga tochi kwa nyuma na kwa grili ya chini. Meno ya turbini yawe na kingo safi. Yakiwa yametafunwa kama mahindi, mashua hiyo imekula kokoto. Angalia nafasi kati ya ncha za turbini na pete inayoizunguka. Kwa pampu ndogo nafasi hiyo inapaswa kuwa chini ya milimita moja. Kitabu cha pampu njo kinatoa hesabu yake kamili. Kama kidole chembamba cha mtoto kinaona nafasi, pete imekwisha.

Tano, maji. Mashua iende mtoni nusu saa, na watu ndani sawa na wale utakaobeba. Mashua yenye dereva peke yake inadanganya.

Shahidi wa kwanza ni saa ya mizunguko

Sasa tuseme umekwisha kununua, na mashua inasumbua. Watu wengi wanaanza na buji, kisha karburateri, kisha wanafungua kichwa cha moteri, siku tatu zinapita, na shida ilikuwa mfuko wa plastiki kwenye grili. Sisi tunasema: anza na saa ya mizunguko, ile inayoonyesha moteri inazunguka mara ngapi kwa dakika.

Sababu yake ni hii. Elisi ya nje inasikia uzito wa mashua. Ukiongeza mzigo, moteri inachoka na mizunguko inashuka. Turbini ya jeti haiko vile. Imefungwa ndani ya bomba, inazunguka katika maji yale yale, mashua iwe nzito ao nyepesi, iwe inakimbia ao imefungwa kwenye mti. Kwa hiyo, ukitoa gesi yote, mizunguko inakaa karibu na namba moja siku zote. Iandike namba hiyo siku ambayo mashua iko na afya. Iandike kwa rangi pembeni ya usukani, isipotee na karatasi.

Siku ya shida, toa gesi yote, soma saa. Majibu ni matatu tu. Mizunguko imepanda kupita kawaida na mashua haiendi: pampu haishiki maji. Mizunguko iko kawaida na mashua ni nzito: tafuta mzigo, maji ndani ya mashua, ao kikombe cha nyuma. Mizunguko imeshuka: moteri imepoteza nguvu, ao kitu kinaikaba turbini. Kwa kusoma namba moja umegawanya shida yote mara tatu, na haujafungua hata buloni moja.

Moteri inalia, mashua haiendi

Hii njo malalamiko ya kila bandari.

"Fundi, moteri inalia sana, lakini mashua haitembee."

"Papa, ulipita kwenye majani?"

"Kidogo tu."

"Hiyo kidogo njo iko ndani."

Pampu ambayo haishiki maji inafyonza upepo ao inafyonza kidogo. Fuata mpango huu, toka rahisi mpaka ghali.

Grili ya chini kwanza. Majani ya maji, kamba ya nyavu, mfuko, kitambaa cha kikwembe. Zima moteri, chomoa ufunguo, utie mfukoni mwako wewe unayeingia chini, si kwa mwingine. Tunarudilia: mfukoni mwako. Turbini ya mashua nyingi inazunguka mara moteri inapowaka, hata kama mashua imesimama. Mkono ulioingia mule haurudi mzima. Na watoto wanaoogelea wakae mbali na tundu la chini na mdomo wa nyuma, juu maji yanayotoka pale yanaweza kupasua mwili.

Kisha kamba kwenye chuma cha kuzungusha. Kamba nyembamba ya nyavu inajiviringisha nyuma ya grili pahali macho hayafiki. Ipapase kwa kidole, ikate kwa kisu kidogo, usiivute kwa nguvu.

Kisha upepo. Simamisha mashua ndani ya maji, tazama pahali chuma cha kuzungusha kinapoingia kwenye bomba, na kifuniko cha kusafishia kama kipo. Pahali maji yanapoingia mashua ikisimama, upepo nao unaweza kuingia pale pampu ikivuta. Mpira wa kifuniko ulioisha ni kitu cha bei ndogo, lakini unaweza kuangusha mashua nzima.

Mwisho, turbini na pete. Kama grili ni safi, hakuna kamba, hakuna upepo, na bado moteri inalia bure, basi nafasi imekuwa kubwa. Maji yanarudi nyuma kupitia kando ya meno. Alama yake ni kwamba shida ilikuja polepole, mwezi kwa mwezi, haikuja ghafula. Shida ya ghafula ni majani ao kamba. Shida ya polepole ni mchanga uliokula chuma. Meno yaliyopinda kidogo fundi mwenye mkono mzuri anaweza kuyanyoosha na kuyapiga tupa, lakini yote kwa kipimo kimoja: jino moja likibaki zito, mashua itatetemeka na rulema itakufa. Pete iliyokwisha inabadilishwa. Ukiagiza moja, agiza mbili, juu njia ya Kalemie hauijui itafungwa siku gani.

Mizunguko haipandi

Hapa turudi kwenye moteri, na kwetu mshitakiwa wa kwanza ni esansi. Esansi ya Kadhafi wa barabarani inapita mikono mingi na bidoni nyingi. Chukua chupa nyeupe ya plastiki, jaza kidogo, iache ikae. Maji ni mazito, yatakaa chini na mstari utaonekana. Esansi iliyochanganywa na petroli ya taa haionyeshi mstari, lakini inaacha mafuta kwenye vidole na harufu yake ni ya taa. Chuja kila bidoni, weka filtri yenye kikombe kinachoonekana, mwaga maji yake kila asubuhi.

Kama esansi ni safi, tazama buji, kisha nyaya na fizibli. Mashua iliyokaa miaka kwenye maji ya chumvi, kama nyingi zinazouzwa toka pwani ao Dubai, iko na kutu ya kijani ndani ya nyaya hata kama nje zinang'aa. Kabla ya kusema demareri imekufa, safisha vichwa vya batri na ule waya mweusi unaoshika mwili wa moteri.

Kuna pia mashua ambayo haikuwa na nguvu tangu siku ya kwanza, juu mwenye zamani aliweka turbini isiyo ya moteri hiyo. Turbini yenye meno makali kupita kiasi inaikaba moteri. Linganisha namba iliyopigwa kwenye turbini na ile ya kitabu.

Mashua nzito, mizunguko ya kawaida

Hii inawapoteza wengi, na mara nyingi haigharimu kitu. Tazama kikombe cha kurudi nyuma. Kebo yake ikiwa imelegea, kikombe kinaning'inia kidogo ndani ya maji yanayotoka, na mashua inakuwa kama mtu anayetembea huku anashikwa shati. Inyanyue kwa mkono, kaza kebo, jaribu tena.

Kisha fungua sakafu. Maji yanaweza kujificha chini ya ubao, na katika mashua zenye povu ndani ya kuta, povu la zamani linayanywa kama sponji. Lita 200 za maji ni kilo 200, ni kusema watu watatu ambao hawakulipa. Pahali pa kuangalia ni kizibo cha nyuma, mpira wa chuma cha kuzungusha, na nyufa za mwili. Kama mashua yako inatumia kamba ya mafuta kuzuia maji pale chuma kinapopita, matone machache wakati wa kuzunguka ni ya kawaida, yanaipoza. Mkondo si wa kawaida.

Mwisho gawanya mzigo. Bidoni zote mbele, pua inalima mto. Watu wote nyuma, pua inatazama mbingu na mashua inachelewa kupanda juu ya maji.

Joto

Katika mashua nyingi za jeti, maji ya kupoza moteri yanatoka kwenye pampu ile ile. Kwa hiyo pampu iliyokula mchanga inatoa mashitaka mawili: mwendo mbaya na joto. Mshale wa joto ukipanda, usiendelee "mpaka pale mbele". Zima, safisha chujio la mchanga, tazama kama maji ya kupoza yanatoka kwa nguvu. Baada ya safari ya mchanga, pitisha maji safi ndani. Kwa zile ndogo zenye moteri ya aina ya jet-ski, mpango ni huu: washa moteri kwanza, ndipo ufungue maji; funga maji kwanza, ndipo uzime moteri. Ukigeuza, maji yanapanda kupitia njia ya moshi mpaka ndani ya silinda.

Na mvuke wa esansi. Huu hausumbui, unaua. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa, unalala chini ya sakafu ya mashua kama nyoka. Cheche moja ya demareri inatosha. Fungua kifuniko cha moteri, nusa, washa feni ya kutoa hewa dakika 4, ndipo ugeuze ufunguo. Kama feni imekufa, itengeneze kabla ya redio na kabla ya rangi. Na mvuta sigara ashuke.

Mchanga unanunuliwa na dereva

Fundi anatengeneza, lakini dereva njo anaharibu ao analinda. Mashua ya jeti inapita kwenye maji machache ikiwa inakimbia, juu imepanda juu ya maji. Ikisimama, inashuka, na tundu lake linakuwa karibu na mchanga. Kuwasha pale ni kumpa mtu sahani ya mchanga ale. Ukikwama, shuka, sukuma kwa mikono ao kwa kijiti mpaka maji yafike kiunoni, ndipo uwashe. Vilevile usiegeshe bandarini kwa gesi: zima mbali kidogo, malizia kwa pagaye. Tabia hii moja inaongeza maisha ya turbini kuliko mafuta yoyote ya bei kubwa.

Usiende usiku kwa mwendo, juu mti unaoelea hauna taa. Kila mtu avae jile, na mgonjwa pia. Na ndani ya mashua kusikose pagaye mbili na kamba ndefu, juu jeti ikizima haina kitu cha kuishika kwenye mkondo.

Nani ashike mashua?

Kwa kuona kwetu, mashua ya okazyoni haifi juu ya uzee wake. Inafia mikononi mwa watu wengi wasio na daftari. Likelemba inanunua, dereva wa leo si wa kesho, kila mtu anafungua buloni yake, na hakuna anayejua turbini ilipimwa lini. Gari bovu linabaki kando ya barabara. Mashua bovu inashuka na mto pamoja na waliomo.

Basi kabla ya safari ya kwanza, kikundi kichague mtu mmjoa wa ufunguo na kinunue daftari moja la shule. Kila safari iandikwe: saa za moteri, lita za esansi, namba ya mizunguko kwa gesi yote, mshale wa joto, na kitu chochote kilichotolewa kwenye grili. Namba ya mizunguko ikianza kupanda kidogo kidogo wiki kwa wiki, pete inaisha, na bado kuna muda wa kuagiza nyingine. Lita zikipanda kwa safari ile ile, kuna kitu kinakula, ao kuna mtu anauza. Daftari linaona yote mawili.

Na sehemu ya pesa ya kila safari iwekwe kando kwa vipande: pete, mipira ya kuzuia maji, filtri, buji, kebo moja ya usukani. Mkoba huo mdogo, uliofungwa ndani ya bidoni isiyoingia maji, njo tofauti kati ya mashua inayofika Kasongo na mama mgonjwa akiwa hai, na mashua iliyofungwa kwenye mti ikisubiri kamyo ya Kalemie.